Mwaka wa Kamera Tupu

Jumatano asubuhi, kabla sijamaliza kufagia uwanja, msichana mmoja aliteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu, vumbi la njia ya Lokandu limempaka hadi kope. Nilimjua mara moja. Alikuwa Feza, binti wa mzee Faustin. Hakupiga hodi. Alifungua kitambaa cha kichwani, akajifunga nacho kiunoni, nikajua ni msiba. "Mama Gloria," akasema, "baba ametuacha. Tulimuzika juzi." Nikamvuta ndani, nikamkalisha, tukalia kidogo kama inavyopasa. Kisha akaeleza kilichomleta. Matanga yataisha Jumamosi. Meza imepangwa, kitambaa cheupe kimetandikwa, maua ya plastiki yameazimwa kwa jirani, lakini katikati ya meza hakuna kitu. Mtu aliyepiga picha za watu tangu ujana wake hakuwa na picha yake hata moja. "Lakini wewe ulimupiga, mama. Ile siku ulikuja na telefone yako. Foto yake iko kwako, si njo vile?"

Kwetu mtu anaweza kufa hana kuku wala kiti, na bado akaliliwa vizuri. Ila matanga yasiyo na picha mezani yana upweke wake. Watu wanaingia wakilia, macho yao yanamtafuta marehemu, hawamwoni, na kilio kinakosa pa kutua. Naujua upweke huo. Nilimwekea Feza chai na mihogo ya kuchemsha, nikamwambia, "Kula kwanza, mwanangu, acha niitafute." Nikaenda chumbani, nikarudisha mlango, nikakaa kitandani. Simu ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote. Sikuwa na cha kutafuta.

Niseme kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Mimi natembea na simu tu. Sina kamera, sina taa za kusimamisha, sina mwavuli mweupe kama wale vijana wa harusi pale Kasuku. Simu yenyewe ina ufa kwenye kioo. Nateremka mto kwa mtumbwi wa mota au napanda pikipiki, nafika kijijini, napiga watu, narudi Kindu, nampelekea kijana mmoja mwenye mashine ya kuchapa karibu na soko, na safari inayofuata nawapa watu picha zao mkononi, karatasi kabisa. Watu wa mjini wananicheka. Siku hizi nani bado anachapa picha, Mama Gloria, si uwatumie tu kwenye simu zao? Nawajibu kwamba simu inaanguka mtoni, inaibwa, inakufa, na tena sijaona mtu akiweka simu kwenye meza ya matanga. Nina sharti moja ambalo wateja wangu wote wanalijua. Kabla mtu hajainuka kwenye kiti, namgeuzia kioo ajione. "Tazama, uko ndani." Wanadhani nilifundishwa hivyo na mtu mwema. Aliyenifundisha ni Faustin, ingawa yeye hakuwahi kumwonyesha mtu chochote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, treni haikuja tena, ndege zilikuwa za wenye bunduki, na chumvi ikawa kitu cha kufungwa kwenye pindo la kitenge. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vero kwa jina langu, alikuwa anatoa chumvi Kindu na kuipeleka vijiji vya kando ya mto mpaka Lokandu, kisha anarudi na mchele na samaki wa moshi. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi vijana wa bunduki waliokuwa wakichota chumvi ya watu kwa kofia zao. Hapo ndipo Faustin alipoingia kwetu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mcheshi, ambaye studio yake ya picha iliporwa yote isipokuwa kamera aliyokuwa ameivaa shingoni siku hiyo. Akamwambia mama, "Mama Vero, twende pamoja. Masoda wa vizuizi wanapenda foto kupita chumvi." Ilikuwa kweli. Kizuizini aliwapanga wale vijana, akawainua kidevu, akawashikisha bunduki vizuri kama mwalimu wa kwaya anayepanga sauti, taa ikapiga, wakachangamka, na sisi tukapita na mfuko wetu mzima. Mama alisema Mungu ametuletea mtoto wa kiume akiwa amekwisha kukua.

Faustin alibeba mfuko wa nguo za picha. Ndani mlikuwa na koti moja la suti, jeusi, bitana limechanika, na kila mwanamume kutoka Kindu mpaka Lokandu alipigwa picha akiwa amelivaa. Wanene walilivaa bila kufunga vifungo, wembamba tuliwabana mgongoni kwa pini. Kwa wanawake hakukuwa na kitu, basi viatu vyangu vyeusi vya shule vikaingia kazini. Nilivitoa kwa wiki moja, vikakaa mwaka. Wanawake wa miguu mipana waliingiza vidole tu na kukanyaga visigino, maana kwenye picha ni mbele tu panapoonekana. Kazi yangu ilikuwa daftari. Niliandika jina la mtu, kijiji chake, alivaa nini, alikaa na nani, ili picha zikija zisipotee njia. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijivunia. Faustin alisema maneno yaleyale kila mahali: "Kaza shingo. Usicheke. Foto haipendi muntu wa kucheka." Taa ilipopiga, watu waliuliza, wengine kwa kunong'ona kana kwamba wako kanisani, "Tuko ndani?" Naye akajibu, "Muko ndani, wazima wazima." Kwa jibu hilo tulipewa wali, sombe ya majani ya muhogo, kuku, na chumba cha kulala.

Vyumba vile bado naviona. Kimoja kilijaa magunia ya mpunga hadi kwenye dari ya matete, mimi na mama tukalala juu ya magunia na asubuhi migongo yetu ina alama za kamba. Kingine kilikuwa na mlango wa bati lililotobolewa kwa risasi, na jua likiingia linachora madoa ukutani, mwenye nyumba akayaita nyota zake. Chakula kilikuja kwenye sahani moja, tukanawa, tukala pamoja. Mama alimpa Faustin kichwa cha samaki. Yule asiyejua samaki atadhani ni mabaki, lakini kwetu kichwa ni cha mtu unayemheshimu, na baba yangu alipokuwa hai hakuna mwingine aliyekigusa. Faustin alikinyonya mpaka mifupa ikabaki safi, huku anatuchekesha kwa kuigiza jinsi chifu fulani alivyokataa kuvua kofia. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Nami nilikuwa nampenda Faustin, nalisema bila kuzunguka. Hakuwahi kunigusa, wala sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nangoja vita viishe ili aniulize.

Mvua za kwanza zilipoanza nilijua. Betri za taa ya kamera zilikuwa zimechoka, kwa hiyo kila mchana tulizianika juu ya bati zipate jua, kama mtu anavyoanika dagaa, zikapata nguvu ya kupiga mara chache tena. Siku moja nilipozitoa kuzianika nikatazama kidirisha cha nyuma ya kamera kinachoonyesha namba za picha. Namba ilikuwa palepale nilipoiona wiki nyingi nyuma. Nikamfuata Faustin mtoni alikokuwa anafua shati. Hakukana. Alikamua shati, akaliweka begani, akasema, "Pelikule iliisha zamani, Vero. Ndege haileti ingine. Unataka nifanye nini? Niwaambie masoda kamera iko tupu? Leo leo mama yako atapoteza chumvi, na pengine kichwa." Nikauliza na wale watu wa vijijini je, walioko kwenye daftari langu. Akasema, "Vita ikiisha nitarudi kuwapiga wote upya. Watakuwa bado na sura zao." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanitolea kikopo cheusi cha plastiki chenye kifuniko cha kijivu, kile cha kuwekea pelikule, ile filamu ya kamera, kimefungwa kwenye nailoni. "Hii moja imebaki, muzima. Nimeificha kwa sababu ya mama yako tu. Siku atapenda kupigwa, nitaiingiza." Nilikishika. Kilikuwa na uzito. Nikakirudisha mkononi mwake, na nikanyamaza.

Hapo ndipo ninapojichukia. Nilinyamaza miezi minne. Niliendelea kuandika majina kwa mwandiko wangu mzuri. Asubuhi moja, kupitia ukuta wa udongo, niliwasikia mume na mke waliotupokea wakigombana kwa sauti ya chini. Mume alitaka picha yao itundikwe juu ya mlango ili wageni waione wakiingia. Mke alisema mlangoni kuna moshi wa jiko, itakuwa nyeusi kabla ya Krismasi, iwekwe kichwani pa kitanda. "Kitandani nani ataiona?" "Mimi nitaiona." Walibishana mpaka jogoo wakanyamaza, na picha yenyewe haikuwepo duniani. Nikajifunika kitenge usoni. Nilijiambia watu hawa wana miaka mingi mbele yao, lakini mama yangu ana kikohozi, mama yangu hajawahi kupigwa picha tangu azaliwe, na ile pelikule moja ni yake. Niliwauza wale wote kwa kikopo kimoja, na niliona biashara ni nzuri.

Mama alikuwa akikataa kila tulipomwambia. Kichwa hakijasukwa, kitenge kimepauka, ngoja turudi Kindu. Hatimaye Lokandu, Jumapili moja baada ya misa, mwenyewe akasema leo. Alipaka mafuta ya mawese kidogo usoni na kuyafuta, akaazima blauzi ya mwenye nyumba, akavaa viatu vyangu. Vilikuwa vidogo kwake sana. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti akijishika kwangu, anacheka, anasema, "Vero, miguu yako ni ya nani? Si ya kwetu." Faustin alikwenda nyuma ya nyumba na kile kikopo, kuiingiza pelikule kwenye giza la koti, alivyosema, akarudi baada ya muda. Akampanga mama taratibu kuliko alivyowahi kumpanga mtu. Akamshika kidevu. Taa ikapiga mara tatu. Mama hakusogea, mikono magotini, shingo imekazwa. Kisha akauliza kama wote walivyouliza, "Niko ndani?" Faustin akasema, "Uko ndani, mama, muzima muzima." Mama akanigeukia. "Basi, Vero. Hata nikifa, utaniona." Mchana ule alimpa Faustin vichwa viwili vya samaki.

Homa ilimshika tukiwa njiani kurudi, na wiki ya pili baada ya kufika Mikelenge akafa. Sitaeleza siku hizo. Nitaeleza meza. Wanawake wa jumuiya walitandika kitambaa, wakaweka msalaba, wakauliza picha iko wapi. Nikasema kwa uhakika, kwa majivuno hata, ipo, anayo Faustin. Faustin akaja, akalia kwa machozi ya kweli, naapa yalikuwa ya kweli, akaniambia pelikule amekwisha kumpa mtu wa ndege aipeleke Goma kuchapwa, na ndege hiyo bado haijarudi. "Itakuja, Vero. Uvumilie." Kwenye matanga ya mama yangu waliweka blauzi yake juu ya kiti. Wiki hiyohiyo Faustin akasema anakwenda kijiji cha Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa siku chache, akaniachia mfuko wa nguo za picha nimtunzie. Niliutunza. Nilingoja ndege, nikamngoja Faustin, nikawa nakwenda uwanja wa ndege kuwauliza watu wasionijua kama kuna bahasha kutoka Goma yenye jina la Mama Vero. Wakaanza kunijua. Wakiniona kwa mbali wanatikisa kichwa kabla sijafika.

Mwaka ulipokaribia kwisha nikalitoa lile koti kulianika, maana lilianza kuvunda. Kwenye mfuko wa ndani, chini ya bitana lililochanika, vidole vyangu viligusa nailoni. Kikopo cheusi. Nilielewa kila kitu upya: Faustin alichanganyikiwa na msiba, alimpa mtu wa ndege nyingine, pelikule ya mama ilibaki hapa, mama yuko hapa, mkononi mwangu. Nilikumbatia kile kikopo uwanjani kwetu nikilia na kucheka. Ila nikataka kuiona tu, kuiona kwa nje bila kuivuta. Nikainua kifuniko. Kilikuwa kimejaa chumvi. Chumvi ya mama, nyeupe, imeshindiliwa hadi juu. Nikaweka punje ulimini kama mjinga, kana kwamba labda ni kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeianika nguo yenyewe kwenye kamba. Alipokwenda nyuma ya nyumba siku ile hakuwa na kitu cha kuingiza. Alisimama tu huko nyuma, akahesabu muda unaotosha, akarudi kumshika mama yangu kidevu. Hicho ndicho kisichonitoka. Chumvi ningemsamehe.

Nikaolewa, nikazaa Gloria, nikawa Mama Gloria, na jina la Vero likabaki kwa wachache. Simu za kamera zilipofika Kindu nilinunua moja na nikatoa lile daftari. Nimevizungukia vijiji vile. Wengi wa daftarini wamekufa, nikawapiga watoto wao. Yule mama wa kichwani pa kitanda nilimkuta mjane, alinitazama, akasema, "Munatuletea foto yetu?" Nikamwambia ukweli. Alikaa kwenye kiti nimpige peke yake.

Faustin nilimkuta Lokandu miezi sita iliyopita, na sijarudi huko tangu siku hiyo. Sikuwa namtafuta, nilidhani alifia kule Kama. Watu walikuwa wamejipanga kwa ajili yangu chini ya ukingo wa paa la shule, na mzee mmoja mwenye macho meupe kwa mtoto wa jicho, amekalia kiti cha matete, alikuwa anawafundisha. "Kaza shingo. Usicheke. Foto haipendi muntu wa kucheka." Yeye hakunijua, macho hayakumsaidia, na mwanamke mnene wa sauti nzito aliyeitwa Mama Gloria hakumkumbusha mtu. Nilikuwa karibu kumwambia jina langu. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo. Lakini alikuwa na wasikilizaji, na mzee mcheshi akiwa na wasikilizaji hanyamazi. Akawasimulia ujanja wake wa vita, jinsi alivyopiga mto mzima kwa kamera tupu na kula kuku wa bure. Watu wakacheka, nani asiyecheka vita vikiwa vimepita? "Na kulikuwa mama moja wa chumvi," akasema, akafuta machozi ya kicheko, "alivaa viatu vya mutoto wake, anatembea sawa na bata! Nikamupiga tatu. Ananiuliza, niko ndani? Namwambia, muzima muzima!" Akaigiza mwendo wa bata kwa mabega yake, palepale kitini. Watoto walianguka kwa kucheka.

Zamu yake ilipofika alijikaza kitini, mikono magotini. Nilisimama mbele yake, nikashusha simu, nikaielekeza ardhini, nikabonyeza. Simu ikalia kama inavyolia. Uso wake ukaelekea kwenye ule mlio. "Niko ndani?" akauliza. Sharti langu la miaka yote lingenitaka nimgeuzie kioo, lakini kioo kingemsaidia nini. "Uko ndani, mzee," nikasema. Alifurahi sana. Alimwita Feza kutoka jikoni kwao, jirani na shule, aniletee samaki wa moshi. Nilimpokea yule samaki, nikamla nyumbani na wanangu, kichwa nikakila mimi. Alikuwa mtamu, na sikujuta. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Faustin ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini, na nikaona ni haki yangu kuifikisha mwisho.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kitandani Jumatano, nikisikia kijiko cha Feza kikigonga kikombe. Nikaifungua ile picha. Udongo wa Lokandu, mguu wa kiti cha matete, na kwenye kona vidole vitatu vya mguu wa Faustin, kucha zimekatwa vizuri. Mtu alikuwa amemkata kucha ili apigwe picha. Nilijua ni nani. Nikatoka kwenda sebuleni nikiwa nimeamua kumwambia, hata sentensi nilikuwa nimeitengeneza. Feza aliinua uso, mdomo una chembe ya muhogo, macho yana matumaini yaleyale niliyokuwa nayo nikikishika kile kikopo uwanjani. Nikasikia sauti yangu inasema simu iliingia maji mwezi uliopita, picha zote zikafutika. Feza aliiweka chini sahani. Kisha, maskini mtoto wa watu, akaanza kunituliza mimi. "Haizuru, mama. Maji njo maji. Alifurahi tu kwa kuwa ulimupiga. Tangu ile siku alikuwa anatuambia, hata nikifa, sura yangu iko Kindu, mutaenda kuichukua." Akajifunga kitambaa chake, akanishukuru kwa chai.

Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa amekwisha kupanda, dereva ameshawasha, alipogeuka na kuniuliza kwa sauti kubwa ili ishinde injini. "Lakini alikuwa ndani, mama? Hata kama imepotea. Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani," nikasema. "Mzima mzima."